Majani ya Kilio kwa Walio Hai

Meza yangu ya chai ilikuwa mahali ambapo hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kusimama. Hapakuwa na soko wala kanisa wala kisima. Palikuwa na ukingo wa barabara tu, nje kidogo ya Bunia kwenye njia ya kwenda Djugu, na mbele kidogo ilikuwepo bariere, kizuizi cha kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara. Lakini tangu asubuhi magari yalijipanga pale, injini zimezimwa, na mashoferi wakanywa chai yangu huku wakitazama saa. Hawakuwa wamechoka, wala magari hayakuwa yameharibika. Walikuwa wamefika mapema, na kufika mapema ndilo lilikuwa kosa.

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Kulikuwa na bariere mbili. Kwenye ile ya juu, upande wa Djugu, walinzi walikupa karatasi yenye namba ya gari lako na saa uliyoingia. Huko katikati mabango yalisema kilomita thelathini kwa saa, usizidi thelathini, kwa sababu watu walikuwa wakifanya kazi barabarani. Kwenye bariere ya chini, upande wetu wa Bunia, walinzi waliisoma karatasi wakaangalia saa yao. Ukifika kabla ya wakati ambao gari la mwendo wa thelathini lingefika, basi ulikuwa umekimbia, na gari lako liliwekwa pembeni, juani, mpaka jioni. Kwa mtu aliyebeba kabichi au jibini kutoka Kpandroma, jua la mchana kutwa ni adhabu ya kutosha.

Siku za kwanza magari mengi yaliwekwa pembeni. Kisha mashoferi wakajifunza. Hawakujifunza kwenda polepole. Walijifunza kukimbia kama walivyozoea mpaka waione bariere ya chini, halafu wasimame kabla yake na kungojea wakati utimie. Mahali hapo wakapaita Ngoja-Saa. Na palipo na watu wanaongojea, sisi wanawake wa Bunia hatuchelewi kufika na sufuria. Upande wa kulia wa meza yangu alikaa mama mmoja mzee, mjane, aliyeuza mandazi. Mimi nilikuwa na chai, na maharage kwa makemba, zile ndizi kubwa za kupika.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, dada mkubwa ambaye wadogo humwita yaya. Baba alikufa wakati wa vita, ndani ya gari lililokuwa limepunguza mwendo mahali ambapo halikupaswa kupunguza. Mama alikufa baadaye, kwa ugonjwa, wakati redio zilikuwa zimeshaanza kusema kwamba sasa kuna amani. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Sikurudi tena. Nyuma yangu walikuwa mdogo wangu wa kiume na wasichana wawili, na mtu hawezi kusoma akiwa anajua kwamba nyumbani jiko limelala.

Siku Mama alipokufa, majirani walikata matawi mabichi wakayalaza barabarani, upande huu na upande ule wa nyumba yetu. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Ukiona majani yamelazwa barabarani, ujue hapo kuna kilio. Mwenye gari anapunguza mwendo na kuzima muziki, na mwenye kofia anaivua. Hahitaji kuandikiwa bango. Nakumbuka nimekaa mlangoni na wadogo zangu nikasikia lori la askari linakuja, na kila mtu alijua jinsi yale malori yalivyokwenda. Lilipofika kwenye majani likapunguza. Lilipita mbele ya nyumba yetu kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenye chumba cha mgonjwa, na askari wote juu yake walikuwa wametazama chini. Nilikuwa ninalia, lakini jambo hilo nililiona.

Mdogo wangu alipokua alitaka kwenda kwenye mashimo ya dhahabu kama vijana wengine. Nilimkatalia. Nilimwambia mashimo yanakula watu, na sisi hatuna watu wa kuliwa. Kampuni ilipokuja kutengeneza barabara, nilikwenda mimi mwenyewe kumwomba shefu wa kazi, nikasimama mbele ya mlango wake mpaka akachoka kuniona. Mdogo wangu akaandikwa. Alipewa beleshi na koti la rangi ya machungwa, akawekwa kwenye kona ile ya mlimani, kati ya bariere mbili, mahali ambapo nusu ya barabara ilikuwa imechimbwa na nusu ndiyo ilipitisha magari. Kwenye kona hiyo shoferi hakuoni mpaka amekufikia.

Kwa hiyo kila gari lililosimama mbele ya meza yangu likiwa limefika mapema, lilikuwa limepita kwa kasi pembeni ya mgongo wa mdogo wangu. Mwanzoni nilidhani wanapanga foleni tu. Nilipoelewa kwamba wanangojea kwa sababu wamekimbia, nilianza kumwaga chai nje ya vikombe.

Kulikuwa na shoferi mmoja wa lori la kabichi, mtu wa kutoka upande wa Kivu, mwenye sauti kubwa na utani mwingi. Alikuwa anafika mapema kuliko wote. Siku moja nilimwuliza kwa nini hawezi kwenda kama bango linavyosema, ikiwa mwishoni atangojea tu.

"Mama chai, weye unataka siye tutembee kama tunapeleka maiti?"

"Bango inasema thelathini."

"Bango haikukuwa hapa wakati ya vita. Miye nilikuwa. Ile kona ya mulima, gari yenye ilipunguza pale haikufika Bunia. Muguu yangu ilijifunza ile kitu. Nikifika pale, inakanyaga yenyewe."

"Muguu yake iko na akili kupita kichwa!" mwenzake akasema, na wote wakacheka.

Sikucheka. Nilimtambua Baba yangu ndani ya maneno yale. Watu wa Ituri tulijifunza barabara wakati ambapo polepole ilikuwa kifo, na ulipofika mahali penye watu na wauza chai ndipo ulishusha pumzi. Hawa mashoferi walikuwa wanafanya vilevile. Walikimbia palipokuwa na hatari zamani, wakapumzika palipo na usalama. Tofauti ni kwamba vita ilikuwa imekwisha, au ilikuwa imenyamaza, na waliosimama kwenye kona sasa hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mabeleshi. Mguu unaojifunza jambo moja tu ni mguu wa mbuzi.

Halafu ikaja siku ya beleshi.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Shoferi wa kabichi alisimamisha lori, akashuka akicheka peke yake, akaomba maharage. Nilimpakulia. Alikaa kwenye benchi katikati ya wenzake akaanza kuwasimulia.

"Leo nilimunyanganya mutu beleshi yake pale kwa kona. Kio yangu ya pembeni iliipiga, paa! Beleshi ikaruka mpaka mu shimo. Mwenyewe akabaki na mukono juu, hivi, kama mutu anauliza ruhusa kwa mwalimu."

Aliinua mkono kuwaonyesha. Wakacheka. Mmoja akamwuliza kama kioo kilivunjika.

"Kio iko salama. Mungu iko."

"Na mutu?" nikauliza.

"Mutu gani?"

"Mwenye beleshi."

"Ah, ile kijana murefu? Nilimuona mu kio, alikuwa anaangalia mukono yake." Akarudi kwenye sahani. "Mama, ongeza mafuta kidogo."

Kwenye kona ile kijana mrefu alikuwa mmoja, wa kwetu. Nilinyoosha mkono nikaichukua sahani mbele yake, na kijiko kikiwa bado mkononi mwake, nikayarudisha maharage kwenye sufuria.

"Eh! Mama chai! Ni nini?"

"Chakula imeisha."

"Imeisha namna gani, na miye naiona!"

"Kwa weye imeisha."

Wenzake wakacheka tena, wakamwambia leo amepata mwanamke. Hakuna aliyejua kwa nini, na sikuwaambia. Nilimwomba yule mama wa mandazi aangalie moto wangu, nikapanda mlima kwa miguu. Nilimkuta mdogo wangu akifanya kazi na beleshi la kuazima. Kiganja chake kilikuwa kimechanika na amekifunga kitambaa. Aliponiona alikasirika.

"Yaya, kwa nini unakuya huku? Batanicheka."

"Acha bacheke. Nionyeshe mukono."

Alinionyesha. Halikuwa jeraha la kumlaza mtu. Ilikuwa ngozi tu. Nikaipima nafasi iliyokuwa kati ya mkono ule na kichwa chake, nikashuka moja kwa moja mpaka ofisi ya shefu wa kazi.

Shefu alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu sikioni, na upole wake ndio uliniudhi zaidi. Nilimwambia magari yanakimbia kwenye kona. Akageuza rundo la karatasi za siku ile mbele yangu.

"Mama, haiwezekani. Leo hakuna gari hata moja yenye ilifika mbele ya saa. Moyenne iko bien kabisa."

"Banakimbia, kisha banangojea pale chini."

"Pale kwenye munabauzia chai?"

Karani wake akainama kuficha kicheko. Nikasema ndiyo, pale tunapowauzia chai, na hata nikiondoa meza yangu kesho watangojea bila chai, kwa sababu hawaji kwa ajili ya chai. Akanieleza basi, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema sheria hii imetoka kwenye nchi zilizoendelea. Kule mashine inapiga picha namba ya gari mwanzoni mwa kazi za barabara, nyingine inapiga mwishoni, wanagawanya, wanapata mwendo wa wastani. Hapa hakuna mashine, kwa hiyo kuna walinzi wenye karatasi, lakini ni kitu kilekile.

"Na kule," nikamwuliza, "katikati ya mashine, batu banasimama kukunywa chai?"

"Kule? Hapana. Ni barabara kubwa, hakuna nafasi ya kusimama."

"Hapa nafasi iko."

"Mama," akasema, "kwa kona iko mutu na bendera nyekundu. Nitamwambia aipepee zaidi. Lakini kwa karatasi, hakuna mutu anakimbia hapa."

Neno lile moyenne, yaani wastani, nilikuwa ninalijua. Lilikuwa chini kabisa ya karatasi ya matokeo niliyokuwa nikimpelekea Mama. Mtu aliyepata sifuri ya hesabu na maksi zote za dini anapita darasa kwa moyenne, na hesabu hajui. Nilirudi kwenye sufuria yangu nikiwa na hasira ya aina ambayo haitoi hata sauti. Kwa karatasi hakuna anayekimbia. Kwa karatasi mdogo wangu angekufa na kila gari likiwa limefika kwa saa yake.

Jioni ile nyumbani nilimwambia aache kazi.

"Niache, nifanye nini?" akasema. "Niende ku mashimo?"

"Hapana."

"Sasa niende wapi? Batoto banasoma na nini? Yaya, ni weye ulinitafutia hii kazi."

"Najua."

"Basi niache nifanye."

Wale wasichana wawili walikuwa wanatusikiliza huku wamejifanya wanasoma. Alikuwa anasema kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nilizidi kukasirika. Sisi wa kwanza tuna kazi moja tu. Wengine wanaweza kuwa wazuri, wanaweza kuwa na elimu, wanaweza kuimba kanisani. Wa kwanza kazi yake ni kwamba akihesabu vichwa jioni, viwe vyote.

Asubuhi kulipopambazuka nilichukua panga, na sikuenda kwenye meza. Nilipita njia ya mashambani mpaka juu ya kona. Nikakata matawi mabichi yenye majani mengi, mpaka mikono ikanata utomvu. Niliyalaza barabarani upande wa juu, kabla ya kona, nusu upande huu nusu upande ule kama majirani walivyofanya siku ya Mama. Kisha nikafanya hivyohivyo upande wa chini. Nilijua ninachokifanya. Kumlazia majani mtu aliye hai ni kumwitia kifo kwa jina lake. Hata mtoto mdogo anayecheza kilio na mwanasesere wake anapigwa kofi. Nilifuta mikono kwenye kitenge, nikakaa juu ya kilima kutazama.

Ya kwanza kufika ilikuwa pikipiki iliyobeba magunia mawili ya makaa. Ilikuja inalia kama nyuki. Ilipoona majani ikanyamaza. Mwendeshaji akavua kofia yake, akaishika kwa mdomo, akapita kwenye kona polepole, akitafuta kwa macho nyumba yenye msiba. Hapakuwa na nyumba pale. Akawainamia wafanyakazi waliokuwa wanaanza kazi, akaenda. Likaja lori la viazi, muziki wake ukisikika tangu mbali. Muziki ukakatika. Nikaliona lote linavyojibana ukingoni, mbali na watu wenye makoti ya machungwa, magurudumu yakitembea kama yanaogopa kuamsha mtu. Nilikaa pale nikayaona magari mengine. Bango la thelathini lilikuwa palepale, na mwenye bendera nyekundu alikuwa palepale, lakini majani machache yaliyokatwa na mwanamke asiye na cheo ndiyo yalimaliza mbio. Ilinipasa nifurahi. Nililia kwa hasira. Kumbe waliweza. Miguu yao ilikuwa inaweza kwenda polepole siku zote, ila kwa maiti tu.

Nilipofika kwenye meza, habari ilikuwa imeshanitangulia. Shoferi mmoja mzee, mtu wa heshima, alikuja amevua kofia.

"Pole, mama. Ni nani alikufa pale kwa kona?"

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Bado hajakufa."

Alinitazama, akatazama matawi yaliyobaki chini ya meza yangu na panga lenye utomvu. Yule mama mjane wa mandazi ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama, mikono kichwani.

"Mutoto yangu! Ni weye uliweka? Kwa nani?"

"Kwa ndugu yangu."

"Mdogo yako iko hai!"

"Ndiyo, mama. Ni kusema niliweka mapema. Kwa kilio yake miye sitaki kuchelewa, bote hapa banapenda kufika mapema."

"Tubu," akasema. "Tubu sasa hivi. Miye nilizika bwana na batoto babili. Majani haiko kitu ya kuchezea. Kesho siye tukikufa, nani atasimama?"

Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa la haki. Nikamwambia tu kwamba sikucheza. Alihamisha karai lake la mafuta mbali na jiko langu.

Saa sita mdogo wangu akashuka mlima. Magari yaliyopita yalikuwa yamewapa pole asubuhi nzima, yeye na wenzake, mpaka mmoja wao akauliza wanaombolezewa nani. Alisimama mbele ya meza, watu wote wakasogea wasikie vizuri.

"Yaya, ni weye?"

"Ni miye."

"Uliniwekea miye majani ya kilio?"

"Ndiyo."

"Miye niko na damu! Niko nakula, niko naongea na weye hapa. Na weye unanizika!"

"Sikuzika mutu. Niliona gari zinapunguza."

"Kama Mama angeona hii..."

"Mama haoni," nikasema. "Ni miye naona."

Nilimpakulia chakula. Hakukigusa. Alinunua mandazi kwa yule mjane akapanda nayo mlimani, na tangu siku ile akawa anakula kwa wengine. Nyumbani alipita mbele yangu kama mtu anavyopita mbele ya mti. Wasichana walibeba maneno kati yetu: mwambie yaya sabuni imekwisha, mwambie kaka yenu sabuni iko dirishani.

Shefu aliamuru majani yaondolewe. Alisema yanachafua kazi. Walinzi waliyatupa mtoni. Asubuhi iliyofuata niliweka mengine. Wakayatupa, nikaweka. Sikugombana nao. Nilikuwa ninakata, ninalaza, ninashuka kuwasha moto wangu. Kanisani watu walianza kunipa nafasi kubwa kwenye benchi. Mtumishi mmoja alikuja nyumbani kuniombea, nikafumba macho akaomba, akamaliza, nikamshukuru, na asubuhi nikachukua panga.

Lakini uongo una umri wake. Habari ilisambaa mpaka Djugu kwamba majani ya kona ile ni ya mwanamke mwenye hasira. Wengine waliendelea kupunguza, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kupita majani vivi hivi, hata akijua. Wengine wakaanza tena kukimbia katikati yake. Na shoferi wa kabichi, ambaye tangu siku ya sahani alikuwa ananunua chai kwa wenzangu na kunisemea mafumbo, alitaka kuwaonyesha watu kwamba yeye si mjinga wa kudanganywa.

Sikuwepo alipofanya. Nilisimuliwa na wengi, na wote walisimulia namna moja. Alikuja kwa kasi, na badala ya kupita katikati alipeleka magurudumu juu ya majani yenyewe. Alikanyaga ya juu, akazunguka kona huku wafanyakazi wakirukia shimoni, akakanyaga na ya chini, akipiga honi. Kisha akafika Ngoja-Saa, akazima injini, akashuka akiwa ameinua mikono kama mtu aliyefunga goli.

"Mama chai! Niliua maiti yako mara ya pili!"

Hapakuwa na aliyecheka. Yule shoferi mzee wa heshima alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Aliweka kikombe chini.

"Ulikanyaga majani ya kilio?"

"Ni ya bongo, muzee, ni uongo tupu! Hakuna mutu alikufa."

"Nilikuuliza, ulikanyaga?"

"Muzee, kilio haiko—"

"Mukono yako ilishika usukani, ikaupeleka juu ya majani. Weye unajua ni ya bongo. Gurudumu yako inajua?" Akasimama. "Hii ya huyu binti ni mubaya. Ya kwako ni mubaya zaidi. Usikae karibu na miye."

Wakahama wote. Alibaki peke yake kwenye benchi, na kabla muda wa karatasi yake haujatimia akaingia garini akapandisha kioo akajifungia, kwenye jua, mpaka akaweza kupita. Mjane wa mandazi alimtazama, akanitazama mimi, akarudisha karai lake mahali pake. Sikusikia ushindi wowote. Nilikuwa ninafikiria watu waliorukia shimoni.

Asubuhi iliyofuata nilipanda na panga langu kama kawaida. Nilipokaribia kona nikasikia mtu anakata. Wafanyakazi wote wa kona walikuwepo kabla ya saa ya kazi, na mdogo wangu katikati yao. Walikuwa wameshalaza matawi, mengi kuliko niliyowahi kukata mimi, mazito na mabichi, mpaka barabara ilibaki uchochoro. Mdogo wangu aliponiona hakuacha kukata. Lakini alisema na mimi, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Usifikiri niliweka ya kwangu. Mutu hajiwekei."

"Najua."

"Hii ni ya ule." Akaonyesha kwa panga kijana mfupi aliyekuwa akiburuta tawi. "Na ule alimuwekea mwenye bendera. Mwenye bendera aliniwekea miye. Kila mutu aliwekea mwenzake. Jana tulilala mu shimo sisi wote pamoja, yaya. Ile shoferi hakukanyaga majani yako. Alikanyaga siye."

"Sawa."

"Basi rudi kwa chai. Hii sasa ni kazi yetu."

Shefu alikuja, akayatazama, akawatazama wao wakiwa wamesimama na mabeleshi bila kuchimba. Aliondoa kalamu sikioni, akairudisha. Siku ile hakutuma walinzi.

Tangu hapo magari yalilazimika kupita uchochoro ule moja moja, yakisubiriana, yakawa yanafika kwenye bariere kwa wakati wake, na anayefika kwa wakati hana haja ya kungojea. Benchi langu likaanza kuwa tupu. Wanawake waliokuja mwisho waliondoka kwanza, wakisema maneno makali ambayo niliyasikia, na wana haki ya kuyasema. Niliendelea kupika sufuria ileile kwa ukaidi. Maharage yakabaki. Siku moja yalipobaki zaidi ya nusu, nilijitwika sufuria nikapanda nayo mpaka kwenye kona, nikaitua chini ya ukingo.

"Iko ya bure?" akauliza yule kijana mfupi.

"Iko ya kula," nikasema.

Wakaja. Mdogo wangu alikuja wa mwisho, akakaa upande mwingine wa sufuria, akachukua kemba moja akalichovya. Alikula bila kunitazama. Kiganja chake kilikuwa kimeshapona na kuacha alama nyeupe. Nilikuwa ninaitazama alama ile niliposikia lori linakuja kutoka juu, kisha sauti yake ikashuka, ikashuka tena, na muziki ukakatika. Lilikuwa la kabichi. Lilipita kwenye uchochoro kati ya majani kwa mwendo wa ng'ombe, na shoferi alikuwa ameshika kofia yake kifuani kwa mkono mmoja. Wafanyakazi waliendelea kula. Aliponiona aliinua mkono wa kofia kidogo, kunisalimu.

Sikumpungia. Nilimwongezea mdogo wangu mafuta.